Kuku anazunguka na kulia kila asubuhi kabla ya kutaga, ni kawaida ama kuna shida?

Kona_ya_Utawala

Habari zenu wafugaji. Niko Utawala, kwetu ni ploti lakini nyuma kuna uwanja kidogo na mwenye nyumba hana shida na kuku, kwa hivyo nimefuga sita, nne ni leya, yaani kuku wa mayai, wale wa kahawia nilinunua wakiwa wamekaribia kutaga na mbili ni kienyeji mamangu alinitumia kutoka ushago. Leya wameanza juzi juzi tu na ndio maana naandika ju kuna mmoja hapa simwelewi.

Asubuhi nikiwafungulia wote wanakula vizuri, halafu baada ya muda huyu mmoja anaachana na wenzake. Anaanza kutembea kando ya ukuta, shingo ameinyoosha, anachungulia kila kona, nyuma ya tanki, chini ya ngazi, mlango ukiwa wazi anaingia hadi ndani ya nyumba kuangalia chini ya kochi. Na muda wote huo analia, si ile sauti yao ya kawaida ya kudonoadonoa, ni sauti ya kuvutwa hivi, kooooo, ko ko ko, kooooo. Anaingia kwa boksi nililowawekea, anakaa kidogo, anatoka, anazunguka tena, anarudi. Hii inaweza kuenda saa nzima na zaidi. Akishataga ndio sasa kelele yenyewe inaanza, kwek kwek kwek kwekeeek, ploti nzima inajua. Jirani wa juu anafanya kazi usiku na analala mchana, ameniuliza kwa heshima kama naweza kuwanyamazisha na sikuwa na jibu.

Mambo mengine nimeona. Kwanza, hatagi saa moja kila siku, leo saa mbili, kesho saa tatu, siku nyingine inafika saa nane mchana halafu siku inayofuata hakuna kitu kabisa. Pili, mabox ni matatu na yanafanana lakini wote wanang'ang'ania moja tu, unapata wawili wamekaliana ndani na mwingine amesimama nje akipiga kelele akingoja. Tatu, jana huyu wa kelele ametaga ndani ya karai la nguo, boksi akaliacha. Nne, na hii ndio imenitia wasiwasi, nilimchungulia akitaga nikaona kama nyama nyekundu imetoka pamoja na yai halafu ikarudi ndani.

Mama mkwe anasema nimfungie ndani ya boksi asubuhi mpaka atage, atazoea. Ni sawa? Na hii sauti ni ya uchungu? Naomba anayejua anisaidie, sitaki mnyama ateseke kwangu bila mimi kujua.

Mfugaji_Kasarani

Karibu sana kwa ufugaji. Kuku wako ni mzima. Huyo anatafuta kiota, hakuna kingine. Usimfungie.

MamaKukuRuai

Pole kwa wasiwasi, lakini hayo yote umeandika ni kuku akifanya kazi yake jinsi anavyotakiwa, wacha nikueleze hatua kwa hatua vile huwa, ju mimi hupenda sana kuwaangalia na hapa Ruai nina nafasi ya kukaa nao.

Kuku hatagi tu ghafla. Kama saa moja ama mbili kabla ya yai kutoka mwili unaanza kumwambia, na hapo ndipo anatulia kula na kuanza kutembea. Hiyo sauti ya kuvutwa unayoisikia ndiyo ya kutafuta mahali. Akikosa mahali panapomridhisha analia zaidi na anatembea zaidi, akipata pa kumfaa anapunguza. Kwa hivyo ukisikia kelele nyingi sana kabla ya kutaga usiulize kama anaumwa, jiulize kama kiota ulichompa anakipenda.

Akishaingia, mtazame vizuri lakini usimkaribie sana. Utaona anaanza kuzunguka palepale alipokaa, anasukuma nyasi kwa kifua, miguu inachakura kwenda nyuma hadi panakuwa na shimo linalomtosha mwili. Halafu anadonoa majani yaliyo karibu na kuyarusha mgongoni kwake, moja moja, mengine yanaanguka anayaokota tena. Leya hata wakizaliwa kwa mashine bila kumuona mama wanafanya hivyo hivyo, hakuna aliyewafundisha. Baadaye anatulia kabisa, macho nusu. Wakati wenyewe ukifika anainuka kidogo, hasimami wima, anachuchumaa hivi, manyoya ya shingo yanasimama, mkia unapanda na kushuka, unaweza kuona anahema mdomo wazi. Sukuma, sukuma, yai linateleza. Linatoka likiwa na unyevu linang'aa, na ukilitazama lile unyevu linakauka mbele ya macho yako, ni kitambo kidogo sana. Kuku wengi hawatoki mara moja, anakaa na yai lake, anaweza kuligusa kwa mdomo kuliweka chini yake, halafu ndio anatoka na kutangaza.

Hiyo ya kung'ang'ania boksi moja usiipoteze usingizi. Ukiwa na viota kumi wanaweza kuchagua viwili. Kuku anapenda mahali ambapo mwenzake ameshataga, kwake yeye yai lililo ndani ni dalili kwamba hapa ni salama. Na anapenda pale palipo na giza na pamejificha zaidi. Hebu angalia hayo mabox matatu, nakuambia lile wanalopigania ndilo liko kona ya ndani kabisa ama ndilo halipigwi na jua la asubuhi.

Kuhusu kumfungia, hapana dada/kaka (sijui wewe ni nani, nisamehe). Kuku aliyefungiwa mahali hapataki atasimama mlangoni akisukuma na kulia, anaweza hata kulizuia yai kwa muda. Mama mkwe anamaanisha mazuri, lakini badala ya kumlazimisha kuku kwa boksi lifanye boksi limwite.

Kona_ya_Utawala

Asante sana mama, Mungu akubariki. Mimi ni kaka. Na ni kweli, boksi wanalopigania ndilo la kona chini ya mabati, hayo mengine mawili yanaangalia geti. Sikuwa nimeona hilo. Je ile nyama?

Kijana_wa_Kabete

Nimesomea mambo ya mifugo kwa hivyo wacha nijibu hiyo ya nyama na ya masaa.

Nyama: ni kawaida. Kuku ana tundu moja tu huko nyuma, kinyesi kinapita hapo na yai linapita hapo. Sasa yai likitoka, sehemu ya ndani ya mfuko wa uzazi inajigeuza na kutoka nalo, inalifikisha nje kabisa, halafu inarudi. Ndio maana yai la kuku mzima linatoka safi ingawa njia ni moja. Ulichoona ni hicho. Cha kuangalia ni irudi. Ikirudi baada ya dakika moja ama chini ya hapo, usijali. Ikibaki nje, mtenge huyo kuku haraka sana, ju wenzake wakiona kitu chekundu wanakidonoa na wanaweza kumuua hivyo. Hii ni sababu nyingine ya kiota kuwa na giza, si starehe tu, wenzake wasimwone wakati huo. Leya wadogo waliopewa taa nyingi na chakula cha nguvu mapema kabla mwili haujakomaa ndio hupatwa na hiyo shida zaidi, pia wale wanene kupita kiasi.

Masaa: yai moja linachukua kama saa 24 hadi 26 kutengenezwa. Kiini kinaachiliwa kutoka kwa ovari, ute mweupe unawekwa kwa karibu saa tatu, utando wa ndani saa moja na kitu, halafu ganda ndilo linalokula muda, karibu saa 20. Kiini cha yai linalofuata kinaachiliwa kama nusu saa hivi ama zaidi kidogo baada ya hili kutoka. Sasa piga hesabu, kama kuku wako anachukua saa 25 na siku ni ya saa 24, kila siku anasonga mbele. Saa mbili, saa tatu, saa nne, mpaka anafika mchana. Na mwili wake una saa zake za kuachilia kiini, zikipita hakiachilii, anangoja. Hiyo ndiyo siku unayokosa yai, na siku inayofuata anaanza tena asubuhi mapema. Leya mzuri mzunguko wake uko karibu sana na saa 24 kwa hivyo anaenda siku nyingi kabla ya kuruka. Wako ndio ameanza tu, mwili haujapata mwendo, mpe wiki chache.

Kwa sababu ganda linajengwa zaidi usiku, kalisi, yaani calcium, ni muhimu awe nayo tumboni anapoenda kulala. Leya anahitaji kama gramu 4 kwa siku na karibu gramu 2 zinaishia kwa ganda la yai moja. Chakula cha leya kina kalisi tayari lakini weka kopo pembeni la chokaa ya kuku iliyosagwa vipande vipande ama maganda ya kombe kutoka agroveti, wajichukulie wenyewe jioni. Usichanganye kwa chakula cha wote kama una vifaranga, kalisi nyingi inaharibu figo za wadogo.

Njoro_Mwiki

Mimi sikubaliani na hiyo ya kutofungia. Nilikuwa na kuku wa kutaga kwa shamba la jirani kila siku, nikawa nawafungia ndani ya banda mpaka saa sita na sasa wote wanataga ndani. Inafanya kazi.

MamaKukuRuai

Njoro hiyo ni tofauti na ni njia nzuri. Wewe umewafungia ndani ya banda, wana nafasi ya kutembea, maji, chakula na viota vya kuchagua. Hata mimi huwafungulia mchana wale wageni mpaka wazoee. Alichoambiwa yeye ni kumfungia kuku ndani ya boksi lenyewe, asiweze kugeuka. Hapo ndipo nimekataa na nitaendelea kukataa.

Njoro_Mwiki

Sawa, hapo nimekuelewa.

Mzee_Dagoretti

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nitaongeza ya viota maana nimefuga kuku tangu watoto wangu wakiwa wadogo na viota nimejaribu vya kila aina.

Boksi la karatasi ni baya, linashika unyevu na viroboto na utitiri wanajificha kwa mikunjo. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, zile mafundi wanaacha kwa majengo, ioshe vizuri kabisa mpaka harufu ya rangi iishe. Ilaze kwa ubavu, ifunge isiviringike, weka matofali mawili kando ama ifunge kwa waya kwa ubao. Kile kifuniko kikate nusu, ile nusu ya chini ibaki imefungwa pale mdomoni iwe kizingiti, ndio nyasi zisimwagike na yai lisitoke. Ndani jaza nyasi kavu ama maranda, na usiweke kidogo, weka ya kutosha ili akichakura asifike kwa plastiki. Kuku anaingia, kuna giza, kuna ukuta nyuma yake na pande zote, anaona mbele tu. Anakubali haraka kuliko boksi lolote la mbao la bei. Ndoo moja inatosha kuku wanne ama watano, kwa hivyo wewe mbili zinakutosha, weka tatu uwe na amani.

Iweke chini ama iinue kidogo, lakini isiwe juu kuliko fito wanazolala. Kuku anapenda kulala pale juu kabisa, ukiweka kiota juu watalala humo na wataamka wamekijaza mavi, na mayai yatachafuka.

Halafu weka yai la uongo. Mpira wa gofu unafaa, jiwe jeupe laini la mviringo linafaa, zamani nyanya zetu walikuwa wanaacha yai moja la kweli wakiokota mengine na walikuwa na maana. Leya akichungulia aone kuna kitu ndani, anaamini. Huyo wako wa karai utamwona karai ameliacha. Lakini karai nalo liondoe kabisa kwa siku kadhaa ama lifunike, maana kuku akishataga mahali mara mbili tatu anapaona kwake.

Okota mayai mara mbili kwa siku, saa nne hivi na saa tisa. Yakirundikana yanagongana yanavunjika, kuku anaonja, na akishaonja kumwachisha ni vita.

Wa_Umoja_Two

Naongezea kwa hayo ya mzee kuhusu kiota, hii kitu imefanyiwa utafiti kabisa. Waliwawekea kuku mlango mzito wa kusukuma ndio wafike kwa kiota, na kuku anayekaribia kutaga alikuwa anasukuma kwa bidii kubwa sana. Ndio maana nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku zile keji tupu za kizamani kuanzia mwaka 2012, keji zinazoruhusiwa lazima ziwe na mahali pa kutagia. Huku kwetu watu wengi wananunua keji kwa sababu ya nafasi, na mimi naelewa nafasi Nairobi ni shida, lakini kuku wa keji tupu anatembea huku na huku kila asubuhi akitafuta kitu ambacho hakipo, kila siku ya maisha yake. Mimi siwezi. Kama una uwanja mdogo bora ufuge watatu wakiwa na kiota.

Kona_ya_Utawala

Nimesoma hiyo nikamwangalia huyu wangu tofauti kabisa. Nimeshapata ndoo mbili kwa fundi anayepaka rangi hapo ng'ambo. Sasa swali la jirani. Kuna njia ya kupunguza kelele ya baada ya kutaga? Na mtu mwingine ameniambia nilete jogoo ndio watulie, eti bila jogoo ndio maana wanalia.

DadaKahawaWest

Jogoo usilete kwa ploti!! Jirani analala mchana, jogoo ataanza kuwika saa kumi usiku na hataacha. Kuku haitaji jogoo ndio atage, anataga tu, jogoo ni wa kufanya yai liweze kuanguliwa.

Kutetea baada ya kutaga huwezi kukuzima, ni maumbile yake. Kuku wetu wote asili yao ni kuku wa msituni wa huko Asia ya Kusini Mashariki, na huko jike anaachana na kundi kwenda kutaga peke yake mafichoni. Akimaliza kundi limeshasonga, kwa hivyo analia na jogoo anamjibu na kuja kumchukua. Wengine wanasema pia ni kumvuta adui atoke karibu na kiota, maana utaona anaanza kupiga kelele zaidi akishatoka pale na si akiwa amekaa. Ndio pia unaona akianza mmoja wengine wanamjibu.

Kitu kinachosaidia kwa jirani: hiyo kelele ya kabla ndiyo ndefu, na hiyo unaweza kuipunguza kwa viota vizuri vya kutosha kusiwe na foleni. Ya baada ni dakika chache. Viota viweke upande wa mbali na dirisha la huyo jirani. Mimi pia huwarushia mboga kidogo, majani ya sukuma ama kabeji, nikisikia ameanza, anakimbilia chakula ananyamaza. Na mpelekee jirani mayai mara moja moja, kwangu hiyo ndiyo imeleta amani kuliko kitu kingine, sasa ye mwenyewe akisikia kuku ananiuliza kama mayai yametoka.

Shiro_wa_Githurai

Naomba niulize hapa hapa. Kienyeji wangu alikuwa anataga vizuri kama yai kumi na kitu, sasa ameacha, anakaa tu kwa kiota mchana na usiku, nikimkaribia anajifura na kunguruma na kunidonoa. Ni yale yale?

MamaKukuRuai

Shiro huyo anataka kulalia. Kienyeji hutaga yai 10 hadi 15 hivi halafu mwili unabadilika, anaacha kutaga, anang'oa manyoya ya kifua ili ngozi igusane na mayai, anatoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kuachia kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya halafu anarudi mbio. Leya wa kahawia wameondolewa hiyo tabia kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi ndio maana wanataga yai karibu 300 kwa mwaka, wao hawapotezi muda kulea.

Kama una jogoo na unataka vifaranga, usiku muwekee mayai 10 hivi yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, siku 21 baadaye utaona. Kama hutaki, mtoe, muweke kwa keji ya waya iliyoinuliwa, chini pawe wazi bila nyasi ili hewa impite tumboni apoe, maji na chakula awe navyo, siku tatu nne ataacha. Usimwache alalie kiota kitupu kwa wiki nyingi, anakonda vibaya. Na huyo Utawala ana kienyeji wawili, ajitayarishe.

Kijana_wa_Kabete

Kabla hatujamaliza, naomba niseme dalili za hatari kwa sababu hapa tumesema "ni kawaida" mara nyingi na mtu anaweza kusoma akapuuza kuku anayekufa.

Kuku anayetafuta kiota anatembea, ana nguvu, kilemba chake ni chekundu, macho yako wazi. Kuku ambaye yai limemkwama hafanani na huyo. Anasimama wima mkia ukiwa umeshuka, ama anakaa kwa kona manyoya yamefura, anasukuma na hakuna kinachotoka, anaingia na kutoka kwa kiota siku nzima na hataki kula, saa nyingine sehemu ya nyuma inalowa. Hiyo ikifika jioni bila yai usilale nayo. Muweke kwa karai la maji ya vuguvugu hadi tumboni kwa dakika 15 ama 20, maji yasiwe ya moto, mkaushe, muweke mahali pa joto na giza, mpe kalisi, na umpigie daktari wa mifugo. Usimminye tumbo. Usijaribu kulivunja yai ndani, vipande vya ganda vinakata na anapata maambukizi yanayomuua.

Pia yai laini lisilo na ganda likitoka mara moja kwa kuku anayeanza si neno, wanaoanza wanaweza kutoa yai dogo sana, yai lenye viini viwili, yai lenye mstari wa damu kidogo juu ya ganda. Lakini likiendelea wiki nzima angalia kalisi, na kama kuku wote wamepunguza mayai ghafla pamoja na maganda kuharibika na wanakoroma, hiyo inaweza kuwa ugonjwa kama Newcastle, ita daktari.

Kona_ya_Utawala

Narudi kuwaambia. Ndoo mbili nimeziweka nyuma ya tanki nilipomwona akichungulia zaidi, nikaweka nyasi nyingi na jiwe jeupe ndani ya kila moja. Siku ya kwanza aliingia akatoka akaenda kusimama pale karai hukaa, alilia sana nikakaribia kulirudisha. Leo asubuhi nimemwona ameingia ndoo ya kushoto, amezunguka, ameanza kurusha nyasi mgongoni vile mama alisema, nilikuwa nimesimama kwa mlango wa jikoni sijasonga hata kidogo. Amekaa. Kelele ya kabla imekuwa fupi sana leo. Kienyeji mmoja naye amesimama nje ya ndoo ile ya kulia anachungulia.

Swali la mwisho, haya mayai nayaosha? Mawili yamechafuka kutoka wakati wa mabox.

Mzee_Dagoretti

Umefanya vizuri kijana. Usiyaoshe ya kuweka. Lile unyevu mama alisema linakauka yai likitoka, linabaki juu ya ganda na kuziba vile vitundu vidogo uchafu usiingie. Ukiosha unaliondoa, na maji baridi yanaweza kuvuta uchafu ndani. Yaliyochafuka kidogo futa na kitambaa kikavu ama kipande cha msasa laini, hayo mawili yaliyochafuka zaidi yaoshe na maji ya vuguvugu saa ile unapika na uyale leo. Nyasi za ndoo badilisha kila wiki, na ukibadilisha acha jiwe ndani.

Kona_ya_Utawala

Sawa mzee. Yai limetoka, liko ndani ya ndoo, bado lina joto. Naenda kumpelekea jirani wa juu akiamka.